Pengo Katikati ya B ya Embu

Chukua kipande cha bati, chora EMBU kwa herufi kubwa, kisha kata kila herufi kwa tindo ili rangi ipate pa kupitia. E itatoka bila matata. M na U vilevile. Kwenye B utakwama. Ukishaizunguka mistari yake yote, vile vipande viwili vya matumboni vinadondoka sakafuni, na unabaki na tundu kubwa ambalo hata wewe uliyelikata huwezi kulisoma. Dawa ni moja: uache kanda nyembamba za bati zivishike vile vipande visianguke. Ukipaka rangi, kanda hizo zinaizuia, na B inatoka na mapengo.

MERU ina taabu hiyohiyo, lakini kwa R peke yake, na R ina tumbo moja tu. IMENTI haina hata herufi moja yenye tumbo lililofungwa: unaikata mwanzo hadi mwisho bila kuacha ukanda wowote. NITHI ni hivyohivyo. Halafu kuna GITHONGO yenye O mbili, MAUA yenye A mbili, RUKURIRI yenye R tatu. Mtu anaweza kuzaliwa, kusoma na kustaafu katika nchi hii ya kando ya Mlima Kenya asijue kwamba majina ya kwao yamegawanyika hivyo, mepesi na mazito. Fundi wa stensili hulijua hilo siku ya kwanza.

Barabara ya kutoka Embu mjini kwenda Meru, ile inayopita Runyenjes, Chuka na Nkubu ikivuka mito inayoshuka mlimani, ni maonyesho ya bure ya herufi za namna hii. Ziko kwenye milango ya malori na migongoni mwa matatu. Ziko kwenye magunia, kwenye mikebe ya maziwa, kwenye viti vya shule, kwenye masanduku ya bati. Ziko kwenye viti vya plastiki vya kukodisha, vilivyopangwa chini ya hema la matanga au la ruracio, sherehe ya mahari, maana chama cha akina mama kikishavikodisha kwa watu wanne Jumamosi moja, kinataka kuvipata vyote Jumapili. Hata sufuria kubwa za kupikia pilau zina herufi mbili tatu za rangi nyekundu kitakoni. Hakuna anayezitazama kwa ajili ya sura yake. Zinajibu swali moja tu: hiki ni cha nani?

Wakati huohuo, katika saiba za miji hiyohiyo, kijana anayetengeneza mabango akiletewa kazi ya jimu au ya gereji hufungua orodha ya fonti kwenye kompyuta na kuteremka mpaka kwenye S. Hapo kuna fonti moja nene, ya herufi kubwa tupu, iitwayo Stencil. Mapengo yako mahali pake, O imekatwa juu na chini, R imeachana na mguu wake. Ila hapa hakuna bati. Hakuna kipande kitakachoanguka. Pengo limebaki kwa sababu linapendeza, linamkumbusha mtazamaji bohari, kreti, kambi ya jeshi na mtambo unaovuja mafuta.

Nadhani tumeizoea mno sura hii ya pili hata tumesahau jinsi ilivyo ngeni. Huku kando ya mlima herufi yenye pengo haikubuniwa na msanii. Iliachwa na kazi. Wasanii walikuja baadaye wakaiokota.

Tuanze basi na kazi. Bati lenyewe si kifaa pekee. Fundi anayeandika magari na masanduku hutumia chochote chembamba kinachokatika: mkebe wa mafuta ya kupikia uliokunjuliwa na kunyooshwa, filamu ya eksirei ambayo mgonjwa hakuihitaji tena, na bora kuliko vyote, bamba la alumini lililokwisha kazi katika mtambo wa kuchapisha wa ofseti. Bamba hilo hukatika kwa kisu kikali na halilowi. Katoni hufaa kazi ya siku moja tu, kwani rangi ya mafuta ikishaingia kwenye kingo zake, herufi huanza kuvimba. Na rangi haipakwi kwa brashi iliyojaa. Itapenya chini ya bamba na herufi itaota ndevu. Hugongwagongwa kidogo kidogo, ikiwa nzito, kwa kipande cha sponji ya godoro au kwa brashi iliyokatwa nywele zikawa fupi. Rangi ya kupuliza ni ya haraka zaidi, lakini huko Mbeere kwenye upepo wa mchana nusu yake huenda kupaka kisichohusika.

Ufundi wenyewe hasa uko kwenye zile kanda. Ukizifanya nyembamba mno, bamba litapinda baada ya kutumika mara chache, na kipande cha katikati cha O kitaanza kucheza. Ukizifanya pana mno, B inakuwa 13, D inakuwa kijiti na upinde, na 8 haijulikani kama ni 8 au ni 3 mbili zilizogombana. Kwenye sanduku la mwanafunzi kosa hilo ni la kuchekesha. Kwenye gunia lenye uzito na nambari ya mzigo, 8 iliyosomwa 3 ni kesi. Ndiyo maana mkataji mzuri wa O huacha kanda mbili zilizosimama, moja juu na moja chini, jicho lipate duara kabla halijaona pengo. Na kwenye A huuacha ukanda pale chini ya pembetatu, kwenye ule mstari wa kati, mahali ambapo msomaji hana haraka ya kuangalia. Hakuna chuo kinachofundisha jambo hili hapa. Linajifunzwa kwa kuharibu alumini.

Kuna msimu mmoja ambapo karibu kila mzazi anakuwa mteja wa kazi hii. Kwa miaka mingi ulikuwa msimu wa Kidato cha Kwanza. Wa mwisho chini ya mfumo wa 8-4-4 waliingia Januari 2024, baada ya mtihani wa mwisho wa KCPE wa 2023, na sasa zamu imekwenda kwa Gredi ya 10, lakini sanduku ni lilelile. Limo kwenye orodha ya shule pamoja na godoro, ndoo, blanketi na fyekeo. Mzazi hulinunua kwenye hadwea, jeusi au la buluu, na mara nyingi mwandishi yuko palepale nje, amekaa kwenye jerikani na mabamba yake ya alfabeti, kila herufi na bamba lake. Anauliza jina, nambari ya usajili na shule. Kangaru. Kaaga. Meru School. Nkubu. Halafu anaanza kupima kwa macho.

Hapo ndipo utaona tofauti ya fundi na anayebahatisha. Mwenye kuanza upande wa kushoto bila kuhesabu herufi hufika mwisho wa sanduku jina likiwa halijaisha, na herufi ya mwisho ikapanda pembeni au ikageuka kona. Aliyezoea huanza katikati na kwenda kando. Bweni lina masanduku mengi yanayofanana rangi, umbo na kufuli. Jina ndilo ulinzi pekee. Jambo hili wala si la Kenya tu: katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, askari walikuwa wakinunua vibamba vidogo vya shaba vyenye majina yao ili watie alama blanketi na nguo zao. Mvulana wa Siakago anayekwenda bweni na askari yule wana hofu moja, ya kuamka asubuhi na kukuta kitu chake kina mwenyewe mwingine.

Na sanduku likirithiwa na mdogo wake, jina la zamani hufunikwa kwa rangi. Halifi vizuri. Baada ya mwaka mmoja wa kusuguliwa chini ya kitanda, herufi za kaka huanza kuchungulia nyuma ya za mdogo.

Ofisi za serikali nazo zina urithi wa namna hiyo. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa uliopakana na Ethiopia upande mmoja na kufika Makueni upande mwingine. Mkoa huo haupo tena katika ramani ya utawala iliyoletwa na Katiba ya 2010. Mabaraza ya miji na ya wilaya nayo yalifikia kikomo kwa uchaguzi wa Machi 2013, kaunti zikachukua nafasi. Lakini viti, meza, makabati ya chuma na matangi ya maji hayakupigiwa kura. Yaliendelea kuwapo na herufi zake za rangi nyeupe zikitaja wenyewe ambao wamekwisha kuvunjwa. Suala la nani arithi mali na madeni ya mabaraza yale lilikabidhiwa Mamlaka ya Mpito, na muda wake ulipoisha mwaka 2016 likaenda kwa kamati ya kiufundi ya uhusiano kati ya serikali mbili. Ni kazi ya faili na mikutano mingi. Hata hivyo pale chini kabisa, mkaguzi anapoinama kuangalia nyuma ya kabati, ushahidi wa kwanza anaoutafuta ni herufi zilizopakwa kwa bamba miaka hiyo, na nambari iliyo kando yake.

Kuna sababu ya kuziamini. Maandishi ya mkono yana mwandiko, na mwandiko ni wa mtu. Stensili haina mwandiko. Karani wa stoo wa 1975 na wa 2005, mmoja mwenye mkono mzuri na mwingine mwenye mkono wa kutetemeka, walitoa G na K zilezile za serikali kutoka bamba lilelile. Ofisi inapenda hivyo. Ila mamlaka yote yanahamia kwenye bamba: mwenye kulishika ndiye mwenye alama. Kwa hiyo bamba hufungiwa.

Kwenye kahawa ndipo herufi hizi zinapobeba pesa nyingi zaidi. Kwa miongo ya mwanzo ya karne iliyopita serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima kahawa, zao likiwa la walowezi. Ilipolegeza katikati ya miaka ya 1930, maeneo ya kwanza kuruhusiwa, tena kwa majaribio na kwa ekari chache zilizohesabiwa, yalikuwa Kisii, Embu na Meru. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliokuja kuufungua mlango. Kwa hiyo mkulima wa hapa ana karibu miaka tisini ya kubeba matunda mekundu hadi kiwandani, na miaka hiyohiyo ya kuiona kahawa yake ikiondoka na jina lisilo lake.

Fuata mzigo mmoja. Mkulima anafika kiwandani, tuseme cha Rianjagi, matunda yanapimwa, kilo zinaandikwa kwenye nambari yake ya uanachama. Dakika hiyohiyo matunda yake yanamwagwa pamoja na ya majirani. Yanamenywa, yanachachuka, yanaoshwa, yanaanikwa mezani. Zikikauka, buni zikiwa bado na ganda la ndani hupelekwa kwenye kinu kikubwa, zikakobolewa na kupitishwa kwenye machekeche. Zinazobaki juu ya chekeche namba 18, lenye matundu ya kama milimita 7.2, ni AA. Zinazofuata ni AB. Zile za mviringo, ambazo tunda lilizaa punje moja badala ya mbili, ni PB. Kuna E, ambazo ni kubwa mno. Kuna C. Kuna TT na T, nyepesi na zilizovunjika. Kila daraja linaingia kwenye magunia yake ya kilo 60, na hapo kibandani, bamba likiwa limelazwa juu ya uzi wa gunia, mtu anapiga rangi: Kenya, daraja, na nambari ya shehena ambayo ndani yake mna wiki ya msimu, herufi za kinu na namba ya mzigo.

Mkataji wa bamba atakuambia jambo ambalo mnadani halisemwi. AA ina matumbo mawili ya kushikiliwa. AB ina matatu. PB ina matatu. TT na T, za chini kabisa, hazina hata moja. Kahawa duni ndiyo rahisi kuandika.

Lakini angalia kilichokosekana. Kwenye mnada wa Nairobi wanunuzi hupewa sampuli, daraja na nambari, wanaonja, wanatoa bei. Gunia lina nchi, lina kinu, lina wiki. Mkulima hana herufi hata moja. Sina nia ya kumlaumu aliyekata bamba; punje za watu mia tatu zikishachanganyika, jina la nani litaandikwa? Na pia, gunia ni kitu cha kuibiwa, na wizi wa kahawa viwandani usiku si habari mpya kwa mtu yeyote wa huku. Mwizi haogopi stensili. Anamwaga kahawa kwenye gunia tupu la mwingine na alama yote imekwisha. Herufi ilikuwa imelishika gunia, haikuishika kahawa.

Sasa kuna wanaotaka kuishika kahawa yenyewe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu mazao yasiyotokana na ukataji misitu, ambayo kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, inadai kila shamba lijulikane lilipo ardhini. Kwa ajili hiyo vyama vya ushirika vimekuwa vikituma vijana wenye simu kuzunguka kwenye mashamba ya robo ekari wakichukua majira ya ramani. Ni ajabu kidogo: baada ya karibu karne moja, mkulima wa Embu anaanza kuonekana huko Hamburg, lakini anaonekana kama tarakimu za latitudo.

Chai ni hadithi fupi zaidi kwa sababu jina la kiwanda halipotei. Imenti, Githongo, Kionyo, Kinoro, Michimikuru, Mungania, Rukuriri: kila kimoja ni alama inayojulikana kwenye mnada wa Mombasa, ambao ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969. Zamani chai ilisafiri kwenye makasha ya mbao, kingo zake zimefunikwa kwa bati, na ubavuni yamepigwa jina la kiwanda, daraja, na uzito kabla na baada ya kutoa kasha. Leo ni mifuko mizito ya karatasi ambayo mingi yake huja imeshachapwa. Mnunuzi wa Pakistani ambaye hajawahi kuiona Nkubu anaijua Imenti. Anaijua kwa herufi sita ambazo, kama nilivyosema, hazina tumbo hata moja.

Malori niyapitie haraka. Sheria ya barabarani inadai gari la biashara lionyeshe uzito wake likiwa tupu na mzigo linaoruhusiwa, ndiyo maana kila mlango wa lori una tarakimu hizo, na kila mgongo una 80 KPH ndani ya duara, hata lile ambalo haliwezi kufika 80 likiteremka Nithi. Kwa matatu, kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kubana Februari 2004 zilileta mstari wa njano na maandishi ya njia na idadi ya abiria, na waandishi wa magari wakapata kazi ya ghafla ya nchi nzima. Kuta na nguzo zina biashara zao: nambari ya simu ya gari la kunyonya vyoo, ya waganga, ya wachimba visima. Zote ni za bamba, kwa kuwa mwenye kuandika nguzo mia moja usiku hana muda wa kuchora. Na iko herufi moja ambayo kamwe haihitaji bamba. Ni X nyekundu ambayo watu wa barabara huitia kwenye jengo lililoingia hifadhi ya barabara. Inapigwa kwa mkono, kwa hasira au kwa haraka, na ndiyo pekee ambayo kila mwenye ploti huisoma kutoka mbali.

Basi yale mapengo ya kwenye kompyuta yalitoka wapi? Si huku, ingawa chimbuko ni la kazi ileile. Ufaransa, karne ya 17 na ya 18, vitabu vikubwa vya kwaya vilitengenezwa kwa mabamba, neno kwa neno na noti kwa noti, ili wanakwaya wote wasome kutoka kitabu kimoja. Benjamin Franklin, alipokuwa mwakilishi wa Marekani jijini Paris, alijinunulia seti ya mabamba ya herufi mwaka 1781 kutoka kwa fundi aliyeitwa Bery, na seti hiyo ingalipo Philadelphia. Hizo zilikuwa herufi za madaha, zenye mistari minene na mingine ya uzi. Unene wa leo uliletwa na karne ya 19, na reli, meli za mvuke na kreti. Mbao zisizopigwa randa na nyuzi za gunia hunywa rangi; mstari mwembamba unapotelea humo. Herufi ikalazimika kunenepa ili iishi safari.

Karne ya 20 ndiyo iliyoichukua kama sura. Katikati ya miaka ya 1920, Josef Albers wa shule ya Bauhaus huko Ujerumani alijenga alfabeti ya stensili kwa mraba, pembetatu na robo duara tu. Le Corbusier alizitumia herufi za mabamba ya zinki kwenye ramani zake za majengo. Kisha mwaka 1937, ndani ya miezi miwili, zikatoka fonti mbili za risasi za kuchapishia, zote zikiitwa Stencil, kutoka kampuni mbili zinazoshindana za Marekani: Juni ya Robert Hunter Middleton kwa Ludlow ya Chicago, na Julai ya Gerry Powell kwa American Type Founders. Ile ya Powell, nene, yenye kona za mviringo, bila herufi ndogo, ndiyo iliyokuja kusafiri ndani ya programu za Microsoft hadi kwenye saiba za Embu. Mwaka huohuo wa 1937, kwa sadfa tu, ndipo walowezi wa Kenya walipounda KPCU, chama ambacho magunia yake yangekuja kubeba kahawa ya Meru kwa miongo mingi.

Fikiria alichofanya Powell. Alichonga pengo kwenye risasi, kitu kigumu kinachobeba tumbo la B bila kuhitaji msaada wowote. Pengo likawa vazi. Ningependa kuisema fonti hiyo kwa ubaya, na karibu nifanye hivyo kila ninapoliona bango la nyama choma lililoandikwa kama sanduku la risasi. Herufi ya kazi ina ukali wake wa haki. Ya bango imeuazima.

Ila mambo yamegeuka, na yamegeuzwa na mageti. Tembea mitaa mipya ya Makutano mjini Meru, au upande wa Kangaru kule Embu, utazame mageti ya siku hizi. Badala ya mabomba na maua ya chuma ya kukunja, fundi sasa huagiza bamba zima la chuma lililokatwa kwa mashine inayoongozwa na kompyuta, kwa moto wa plazma: majani, ndege, twiga, na jina la boma au herufi za kwanza za mwenye nyumba. Mteja anataka fonti nzuri ya kawaida. Kijana wa kompyuta anamkatalia. Anajua O ya kawaida itamwachia duara la chuma sakafuni na tundu tupu getini. Anafungua orodha, anateremka hadi S, anachagua Stencil. Mapengo ambayo Powell aliyaweka kama vazi yanarudi kushika chuma, kilo kadhaa za chuma, mlangoni pa mtu, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Hapa ndipo ningependa vijana wa ubunifu wa Meru na Embu waende mbele ya orodha waliyoikuta. Fonti ile ilichorwa kwa ajili ya Kiingereza cha kreti. Kimeru na Kiembu vina irabu saba, na mbili za ziada huandikwa kwa kuweka alama juu ya i na ya u. Katika Stencil ya kompyuta alama hizo hazipo zote, hivyo mwandishi huziacha, na jina la boma likikatwa kwenye geti linakatwa na kasoro itakayodumu kuliko mwenye boma. Kwenye karatasi unaweza kuiongeza kwa kalamu. Kwenye chuma cha milimita tatu huwezi.

Na kati ya mambo yote magumu ya stensili, hili ndilo jepesi. Alama ya juu inasimama peke yake. Haina tumbo, haishikani na chochote, haihitaji ukanda. Chukua jina la mwandishi jirani yetu, mashuhuri kuliko wote, NGŨGĨ. Herufi tano, hakuna hata moja iliyofungwa. Unalikata bila kuacha pengo mahali popote, kisha unaongeza matundu mawili madogo juu.